Kuuwahi Mji: Kazi ya Afisa Mipango Miji Ndani ya Halmashauri

Mhadhara kwa madiwani, wenyeviti wa mitaa na wanafunzi wa mipango miji, Dar es Salaam

 

 Waandaaji waliniomba nizungumzie mipango mkakati ya miji, wakanionya nisitegemee projekta kwa kuwa umeme hauaminiki. Onyo hilo nimelipokea kwa furaha, maana watu wa fani yangu tukipewa projekta huwa tunaonyesha ramani za rangi mpaka wasikilizaji wanalala. Leo hakuna ramani.

Nimekuja kueleza kazi moja ambayo wengi hawaijui, hata ndani ya halmashauri zetu. Afisa mipango miji mnamfahamu kwa vibali vya ujenzi na maombi ya kubadili matumizi ya ardhi. Yuko mwingine, au huyo huyo akiwa na kofia ya pili, anayetakiwa kuutazama mji mzima kwa miaka ishirini ijayo. Mimi nitadai kwamba kazi ya huyu wa pili ni kuchagua mambo machache ambayo mji ukiyakosa mapema hautayapata tena, kisha kuyalinda huku wakurugenzi, madiwani na mawaziri wakipita. Nina hoja nne. Ya pili ni ndefu kuliko zote, tuvumiliane.

Hoja ya kwanza: Mji hausubiri mpango ukamilike

Dar es Salaam haijawahi kukosa mipango kabambe kwenye makabati. Mwaka 1949 ulikuja ule wa kampuni ya Sir Alexander Gibb kutoka London, wakati sensa ya mwaka uliotangulia ilikuwa imehesabu watu wasiofika 70,000 mjini hapa. Mwaka 1968 ukaja wa Project Planning Associates ya Toronto. Mwaka 1979 ukaja wa Marshall Macklin Monaghan, nao pia Wakanada. Huo wa 1979 ulipangiwa miaka ishirini. Miaka ishirini ikaisha 1999, na mpango kabambe uliofuata ni huu wa 2016 hadi 2036.

Katika pengo hilo mji ulikuwa kazini. Sensa ya 2002 ilikuta mkoa una watu karibu milioni 2.5. Ile ya 2012 ikakuta 4,364,541. Toa, kisha gawanya kwa siku: ongezeko la watu zaidi ya 500 kila kunapokucha, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Tukikadiria watu wanne kwa kaya, ni kaya zipatazo 125 kwa siku.

Sasa tuchukue mradi ambao mimi nauheshimu sana, Mradi wa Viwanja 20,000 ulioanzishwa na Serikali mwaka 2002. Bunju, Mbweni, Kibada, Mtoni Kijichi, Buyuni, Gezaulole: sehemu zote hizo zilipata njia zilizonyooka na maeneo ya shule kwa sababu yake. Lakini gawanya 20,000 kwa kaya 125. Unapata siku 160. Kama kila kaya mpya ingetaka kiwanja chake, mradi mkubwa kuliko yote tuliyoiona ungekidhi mahitaji ya miezi isiyofika sita. Ni kweli wengi wao ni wapangaji wa chumba kimoja Manzese au Mbagala, hawaji na hela ya kiwanja. Hata ukiwaondoa hao, hesabu inabaki kututisha.

Mtu atasema kasi imepungua, maana sensa ya 2022 iliipa Dar es Salaam watu 5,383,728. Ndugu zangu, vukeni mpaka kidogo. Mkoa wa Pwani ulikuwa na watu 1,098,668 mwaka 2012. Miaka kumi baadaye ulikuwa na 2,024,947. Mji umetuaga, umehamia Kibaha, Mkuranga na Bagamoyo, na huko tunakoishia sisi kiutawala wenye mji wala hawajui kama kuna mpaka. Anaamka mtu Kibaha, anafanya kazi Kariakoo, anazikwa Mkuranga. Ni mji mmoja wenye ofisi nyingi za mipango miji ambazo hazina lazima ya kusomeana michoro.

Tuliwahi kujaribu kuchagua vipaumbele. Mwaka 1992, kupitia Mradi wa Dar es Salaam Endelevu uliosaidiwa na Umoja wa Mataifa, wadau wa jiji walikaa pamoja wakachagua mambo tisa ya kushughulikia kwanza, yakiwemo taka ngumu, makazi yasiyopangwa, usafiri na biashara ndogondogo. Nadhani huo ndio wakati halmashauri ilipojiuliza kwa mara ya kwanza swali la maana: tuanze na lipi? Tatizo lilikuwa sheria. Sheria ya mipango miji iliyokuwapo ilikuwa ya mwaka 1956, ya mkoloni, na ilitambua mpango kabambe wa ramani. Mkakati wa vipaumbele haukuwa na mahali pa kukaa ndani yake. Sheria mpya, Namba 8, ilipatikana 2007. Nami naongeza: mambo tisa bado ni mengi.

Hoja ya pili: Nyumba hubadilika, njia haibadiliki

Twendeni Kariakoo. Eneo lile lilikuwa mashamba ya minazi. Wajerumani walianza kulipanga kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Waingereza wakamalizia, na nia yao haikuwa njema hata kidogo: walitaka Waafrika wakae kando, na Mnazi Mmoja ubaki uwanja mtupu wa kuwatenganisha na wengine. Hayo tuyakumbuke wala tusiyapambe. Lakini tazama kilichobaki. Nyumba za Kiswahili za udongo na makuti zimeondoka. Zilizofuata za tofali na bati nyingi zimeondoka. Leo juu ya viwanja vilevile yamesimama maghorofa. Mitaa je? Iko palepale, upana uleule, kona zilezile za mraba. Wafanyabiashara kutoka Kongo, Zambia, Malawi na Komoro wanapita kwenye mistari iliyochorwa kwa ajili ya nyumba za makuti. Na uwanja ule wa ubaguzi ndiyo bustani ambayo leo tungepigana na yeyote atakayetaka kuijenga.

Hapo ndipo penye somo la kazi yetu. Jengo ni uamuzi wa miaka thelathini. Njia ni uamuzi wa miaka mia moja na zaidi.

Sasa pandeni daladala nami hadi Kivule, au Chanika, au pembezoni mwa Goba. Nataka muone jinsi mji unavyozaliwa, maana vitabu vingi vya fani yetu vimeandikwa na watu wanaodhani mtu hujenga nyumba kwa mkopo wa benki ndani ya mwaka mmoja. Kwanza shamba la mikorosho au miembe linakatwa vipande na mwenyewe, dalali akiwa kando. Mipaka inapandwa minyaa. Kisha linakuja lundo la mchanga, na mchanga unakaa hapo mpaka unaota majani. Baadaye tofali za kupiga mwenyewe, mia leo, mia nyingine baada ya bonasi. Kinachimbwa choo, kinajengwa kibanda cha mlinzi cha chumba kimoja, na mara nyingi mlinzi huyo ni mdogo wake mwenye kiwanja na mke wake. Msingi unachimbwa mwaka wa tatu. Mwaka wa tano familia inahamia, madirisha yamezibwa kwa mabati, juu nondo zimeachwa zikichungulia mbinguni zikisubiri ghorofa.

Ukitaka kujua mji unaelekea wapi, usianzie kwenye faili. Angalia pale barabarani palipozuka mafundi wa tofali za saruji, na kijiwe cha bodaboda ambacho mwezi uliopita hakikuwepo. Hao wamekwisha kufanya utafiti wa soko kabla yetu.

Mambo mawili yanatoka hapo. La kwanza: tunayo nafasi. Kati ya minyaa kupandwa na msingi kuchimbwa inapita miaka, na katika miaka hiyo njia inaweza kutengwa bila kuvunja nyumba ya mtu. La pili: nafasi hiyo ikipita haitarudi. Baada ya hapo kila mita ya barabara ni fidia, ni kesi, ni alama ya X nyekundu ukutani, ni mama analia mbele ya kamera. Wengi hukadiria kwamba zaidi ya asilimia 70 ya wakazi wa jiji hili wanaishi katika makazi yasiyopangwa. Huko hakukosekani nyumba nzuri. Nimeona nyumba Mbezi zenye vigae vya thamani ambazo gari la zimamoto haliwezi kuzifikia. Kilichokosekana ni mita kumi za njia zilizopaswa kutengwa wakati pale palikuwa na korosho.

Kwa hiyo orodha yangu ni fupi. Afisa huyo wa kofia ya pili atenge hifadhi ya barabara kubwa, zile zinazounganisha kata na kata. Atenge mikondo ya maji. Atenge maeneo ya shule, soko na makaburi. Ndiyo, makaburi. Naona wenyeviti wanatikisa vichwa, wanajua. Hakuna jambo linalosahauliwa kwenye michoro yetu kama hilo, na hakuna linalomgeuza mwenyekiti kuwa ombaomba kama kutafuta pa kuzikia wakazi wake. Mengineyo, yaani rangi ya bati, urefu wa ukuta, duka linakaa upande gani, yanaweza kusubiri au kuachiwa wananchi wenyewe.

Kuhusu mikondo ya maji siwezi kuliacha Bonde la Msimbazi. Mto ule unashuka kutoka vilima vya Pugu na Kisarawe, unapita katikati ya jiji, unaingia baharini karibu na daraja la Selander. Kila aliyeupanga mji huu alijua bonde hilo ni la maji. Mashabiki wa Simba nao wanajua, ndiyo maana wanawaita watani wao wa Jangwani vyura. (Wana Yanga mnisamehe, naona mmoja ananikazia macho.) Hata hivyo watu walijenga, kwa sababu pako karibu na Kariakoo na nauli ni miguu yako. Desemba 2011 mafuriko yaliua watu zaidi ya 40, na familia nyingi zikahamishiwa Mabwepande, mbali na kila kitu walichokuwa wakikitegemea. Tulitegemea wananchi wajifunze. Lakini mabasi yaendayo haraka yalipoanza Mei 2016, karakana yake ilikuwa Jangwani, bondeni kabisa, na mvua kubwa zikaja zikaizamisha mara kwa mara. Tunawezaje kumlaumu mama lishe aliyejenga kibanda bondeni, ikiwa fedha za umma zilijenga hapohapo?

Sasa kuna mradi mkubwa wa kuliendeleza bonde hilo. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200 kwa ajili yake: daraja jipya la Jangwani, kuhamisha karakana, kutanua mto, bustani ya jiji, na fidia kwa waliokuwa wakiishi humo. Nauunga mkono. Lakini naomba muitazame ile namba kwa jicho la mhasibu. Sehemu kubwa ya fedha hizo ni gharama ya kurudisha kitu tulichokuwa nacho bure. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 za kingo za mto. Mito midogo ya Chanika, Msongola na Mbopo bado mingi iko wazi leo. Bikoni za mpaka wa mita 60 zikipandwa huko mwaka huu, gharama yake ni wapimaji, saruji na mafuta ya gari.

Hoja ya tatu: Mkakati unaishi kwenye bajeti ya wengine

Vijana mnaosoma mipango miji, hili hamtafundishwa darasani vya kutosha. Siku mtakayoajiriwa mtagundua kwamba mji mnaoupanga hamuushiki. Barabara kubwa ni za TANROADS. Barabara za mitaa tangu Julai 2017 ni za TARURA. Maji ni DAWASA, umeme ni TANESCO, mabasi ya haraka ni DART, na kila mmoja anaripoti kwa bosi wake. Hata kodi ya majengo, ambayo katika nchi nyingi ndiyo mshahara wa miji, ilihamishiwa TRA mwaka 2016, na mwaka 2021 ikaanza kulipwa kupitia LUKU tunaponunua umeme. Halmashauri imebaki na dira, na dira haina pochi.

Wenzangu wengi hukata tamaa hapo. Mimi naona hapo ndipo kazi inapoanza. Lami inamwagwa mwezi wa tatu, mwezi wa tano inakatwa kupitisha bomba, wa saba inakatwa tena kupitisha nyaya. Anayeweza kuzuia hilo ni mtu mmoja tu mwenye sababu ya kuwaita wote mezani, naye ni afisa mipango miji. Awaite mwezi wa kumi na moja, kabla bajeti hazijafungwa, kila mmoja aje na orodha yake ya mitaro ya mwaka ujao. Asiwaletee hotuba. Awaletee karatasi moja yenye barabara zote, na mistari ya kila mmoja juu yake. Mahali mistari mitatu inapokutana ndipo pa kuanzia. Kikao hicho kina faida kuliko kurasa mia tatu za mpango kabambe ambazo mhandisi wa maji hatazifungua.

Na usafiri utazamwe pamoja na ardhi. Awamu ya kwanza ya mabasi ya haraka, Kimara hadi Kivukoni pamoja na matawi ya Morocco na Kariakoo, ni kilomita 20.9. Ukishuka vituo vingi vya njia ile bado unakuta nyumba za chini na magereji ubavuni mwa usafiri tuliojenga kwa gharama kubwa. Mfano wa kutia moyo ni Magomeni Kota: majengo yaliyozinduliwa mwaka 2022 kwa kaya 644 zilizokuwa zikiishi pale zamani, hatua chache tu kutoka kituoni. Kwanza waliokuwapo wamerudi, hawakutupwa pembezoni. Pili, ardhi ya umma imefanya kazi mbili. Halmashauri zinamiliki vipande vingi vya namna hiyo, vingine vimegeuka maegesho ya malori mabovu. Kabla ya kuviuza kuziba pengo la mapato ya mwaka, waheshimiwa madiwani, ulizeni viko umbali gani kutoka kituo cha basi.

Hoja ya nne: Mwenyekiti wa mtaa ndiye wa kwanza kujua

Hii nitaisema kwa kifupi, maana wenyewe mmo humu. Ardhi ya pembezoni haiuzwi wizarani. Inauzwa chini ya mwembe, kwa karatasi ya mauziano, mashahidi wawili wa kila upande, na muhuri wa serikali ya mtaa. Ile asilimia kumi inayodaiwa kwa muhuri huo viongozi wa juu wameikemea mara nyingi, na naona baadhi yenu mmeanza kuangalia simu, basi tuiache. Ninachotaka kusema ni kwamba karatasi ile ndiyo taarifa ya mapema kuliko zote kuhusu mji. Inajua kipande kimekatwa lini, kikubwa kiasi gani, na njia imeachwa au haikuachwa. Inakaa kwenye daftari la mwenyekiti, afisa mipango miji hajawahi kuiona.

Mwaka 2015 mradi wa Ramani Huria uliwachukua wanafunzi wa vyuo vya hapa jijini pamoja na wakazi, wakapita mtaa kwa mtaa kuchora mifereji, njia na nyumba za kata zinazofurika. Wajumbe wa mashina walionyesha maji yalifika wapi ukutani. Ramani zile ni bora kuliko nyingi tulizolipia wataalamu wa nje, kwa sababu zilimuuliza anayejua. Kwa nini jambo hilo liwe mradi wenye mwanzo na mwisho? Fomu ya mauziano iwe na mstari mmoja tu wa ziada: upana wa njia iliyoachwa. Mwenyekiti asigonge muhuri kama mstari huo uko wazi. Kila robo mwaka nakala ziende halmashauri. Halihitaji sheria mpya wala mfadhili.

Ndugu wasikilizaji, tumebakiwa na miaka michache kabla mpango wa sasa haujafika ukomo wake 2036. Mimi siombi uandikwe mwingine mapema. Kwa halmashauri za jiji hili na jirani zetu wa Pwani naomba kikao cha pamoja, chenye ajenda tatu: barabara gani kubwa zinavuka mipaka yetu na zitengwe wapi, mito gani bado iko wazi, na makaburi yatakuwa wapi. Waheshimiwa madiwani, tengeni kwenye mapato ya ndani fedha za bikoni kila mwaka, hata kama ni kidogo, na msikubali zihamishwe katikati ya mwaka kwenda kununua gari.

Nanyi wanafunzi, najua wengi mnataka kubaki Dar es Salaam. Hapa kazi kubwa sasa ni kurekebisha, na urekebishaji ni ghali na una machozi. Kahama, Geita, Ifakara, Tunduma, Kibaha: huko bado kuna mashamba ambayo misingi haijachimbwa, na afisa mmoja mwenye pikipiki, mpimaji na mwenyekiti anayemwelewa anaweza kuutengea mji barabara ambazo wajukuu wake watapita. Nafasi zikitangazwa, ombeni huko kwanza.

 Maswali nitayapokea, ila ya hati za viwanja vyenu binafsi njooni nayo ofisini asubuhi.